Lebo Juu ya Lebo: Kubeba VPN za Wateja Kutoka Malindi Hadi Mombasa kwa Mtandao wa Kukodi

Mwongozo huu ni wako ikiwa unauza intaneti Malindi, Watamu, Kilifi au Mtwapa, na mteja amekuuliza kama unaweza kumuunganishia matawi yake kwa VPN, ilhali huna faiba yako mwenyewe ya kufika Mombasa. Wengi huku hatuna. Tunakodi kwa kampuni kubwa, ambayo hapa nitaiita mbebaji. Mbebaji naye huenda anapita juu ya nyuzi za kukodi: Kenya Power hukodisha faiba iliyo kwenye laini zake za umeme kwa kampuni za mawasiliano, na serikali ina mkongo wake wa NOFBI unaofika makao makuu ya kaunti. Ni mtandao ndani ya mtandao, na mteja mwenye hoteli Watamu hayo hayamhusu. Anachotaka ni kompyuta ya mapokezi iione seva ya hesabu iliyoko Nyali, Mombasa.

Mombasa haikwepeki. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua huko mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na tangu hapo mtoa huduma yeyote wa pwani ana sababu ya kuweka ruta huko.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Una ruta tatu: Malindi, Kilifi na Mombasa. Mteja wako ana hoteli Watamu, ghala Kilifi mjini na ofisi Nyali. Mbebaji mmoja anakuunganisha katika miji yote mitatu.

Kwa nini usimpe mbebaji njia za mteja

Wazo la kwanza humjia kila mtu: mwambie mbebaji, "Mteja wangu ana 192.168.10.0 Watamu na 192.168.20.0 Nyali, nipitishie." Kwa mteja mmoja itafanya kazi. Wa pili atakuja na 192.168.10.0 hiyohiyo, maana mafundi wengi huanzia hapo, na mbebaji atakuwa na anwani moja yenye wenyewe wawili. Isitoshe, kila mteja akiongeza chumba cha mikutano chenye mtandao wake itabidi umpigie mbebaji simu na kungoja. Na kuna jambo ambalo halimo katika vitabu vya ufundi: mbebaji anayeona anwani za wateja wako anajua una wateja wangapi na wako wapi. Meneja wake wa mauzo ana gari.

Dawa ni lebo. Fikiria mzigo unaotumwa kwa basi kutoka Malindi kwenda duka fulani Mombasa. Ofisi ya Malindi inautia ndani ya gunia lenye kibandiko cha ofisi ya Mombasa. Dereva na utingo husoma kibandiko cha gunia tu. Jina la duka limo ndani na haliwahusu. MPLS hufanya hivyo kwa pakiti, na magunia yanaweza kuwa mawili, matatu, moja ndani ya jingine.

Lebo yenyewe ni ndogo: biti 32, yaani baiti 4. Biti 20 ni namba ya lebo, 3 ni za kupanga daraja la umuhimu, 1 inasema kama hii ndiyo lebo ya chini kabisa, na 8 ni hesabu ya kuzuia pakiti isizunguke milele (TTL). Namba 0 hadi 15 zimetengwa kwa kazi maalumu. Ruta ya njiani haifungui pakiti kutazama anwani ya IP. Inasoma lebo ya juu, inatazama jedwali lake, kisha inafanya moja kati ya mambo matatu: kubandika lebo mpya, kubadilisha iliyopo, au kuibandua.

Eric Rosen na Yakov Rekhter waliandika jinsi ya kujenga VPN juu ya lebo katika RFC 2547 ya mwaka 1999, na RFC 4364 ya Februari 2006 ikachukua nafasi yake. Sehemu ya 9 ya waraka huo inahusu hali yetu hasa: mtoa huduma ambaye mteja wake ni mtoa huduma mwingine. Ni kurasa chache; zisome kabla ya kikao na mbebaji.

Safari ya pakiti moja

Hapa usiharakishe. Ukiielewa safari hii, usanidi na utafutaji wa hitilafu vitakuwa vyepesi. Namba za lebo ni za mfano.

1. Pakiti inatoka hotelini Watamu kwenda 192.168.20.5, Nyali. Inafika kwenye ruta yako ya Malindi kama IP ya kawaida, bila lebo.

2. Ruta ya Malindi inatazama jedwali la njia la mteja huyu peke yake, lile ambalo mafundi huliita VRF. Inakuta kwamba 192.168.20.0 iko nyuma ya ruta yako ya Mombasa, 10.255.0.3, na kwamba Mombasa ilikwisha kusema: "Pakiti za njia hiyo zibandike lebo 24." Inabandika 24. Lebo hii ni siri ya ruta zako mbili, mbebaji haijui.

3. Sasa inauliza: nitafikaje 10.255.0.3? Jibu lilitoka kwa mbebaji: "Kwenda 10.255.0.3, nipe lebo 301." Inabandika 301 juu ya 24. Pakiti inaingia kwenye ruta ya mbebaji ikiwa na lebo mbili.

4. Ruta ya mbebaji ya Malindi inasoma 301. Inaibadilisha kuwa 512, lebo ambayo ruta yake ya Mombasa iliitoa kwa ajili ya 10.255.0.3 ndani ya VRF yako wewe. Ndiyo, kwa mbebaji wewe ni mteja wa VPN kama mwingine yeyote. Kisha inabandika 9001 ya kuvukia uti wa mgongo wake. Lebo sasa ni tatu: 9001, 512, 24.

5. Ruta za katikati zinabadilisha lebo ya juu tu. Ya mwisho kabla ya Mombasa inaibandua kabisa, ili ruta ya ukingoni isisome jedwali mara mbili.

6. Ruta ya mbebaji ya Mombasa inaona 512, inajua ni yako, inaibandua na kukupa pakiti ikiwa na 24 peke yake.

7. Ruta yako ya Mombasa inasoma 24, inajua ni mteja yupi, inaibandua na kutuma pakiti Nyali.

Hesabu mbebaji alichohitaji kujua: anwani tatu za ruta zako. Mteja akiongeza matawi kumi au mitandao mia, kwa mbebaji bado ni tatu.

Je, unahitaji haya yote?

Kama vituo vyako ni viwili na hutarajii cha tatu, omba mbebaji akupe kiungo cha Etheneti cha moja kwa moja kati ya Malindi na Mombasa, kisha uendeshe MPLS yako juu yake bila kumhusisha. Ni rahisi zaidi na mwenye lawama anajulikana. Lebo za mbebaji zinaanza kukufaa kituo cha tatu kinapokuja, kwa kuwa kila mji mpya unahitaji kiungo kimoja tu kwa mbebaji badala ya kiungo kwa kila mji mwingine. Na kama mteja ni mmoja mwenye matawi mawili madogo, IPsec juu ya intaneti ya kawaida itamtosha. Usimuuzie jahazi mtu wa kuvuka hori.

Kabla ya kutia saini

Wauzaji husema "MPLS" kwa kitu chochote chenye faiba. Huduma unayoitaka ni ile ambayo mbebaji anakubali kupokea pakiti zenye lebo kutoka kwako, na VPN ya kawaida haifanyi hivyo. Omba kuzungumza na mhandisi, upate majibu ya haya kwa maandishi:

☐ Je, mtabadilishana lebo nasi kwenye kiungo, na kwa itifaki gani: BGP yenye lebo, au OSPF pamoja na LDP (itifaki ya kugawana lebo)?
☐ Ukubwa wa pakiti unaoruhusiwa kutoka poti yetu ya Malindi hadi poti yetu ya Mombasa ni baiti ngapi?
☐ Mtapokea njia ngapi kutoka kwetu kabla ya kukata uhusiano?
☐ Biti 3 za umuhimu tutakazoweka, mtaziheshimu, mtazifuta, au mtaziandika upya?
☐ Faiba yenu inapita wapi? Barabara ya Mombasa hadi Malindi inavuka hori za Mtwapa na Kilifi, na wabebaji wawili wanaopita daraja moja na mtaro mmoja si akiba ya kweli hata kama ankara ni mbili.
☐ Nani hupokea simu usiku, na je, anajua maana ya lebo?

Swali la ukubwa wa pakiti ndilo la pesa. Pakiti ya mteja ni baiti 1,500. Kwenye kiungo chako na mbebaji inakuwa 1,508 kwa lebo mbili, ndani kwake 1,512 kwa tatu. Weka VLAN, baiti 4 zaidi. Mbebaji akitumia njia ya dharura ya haraka faiba inapokatika, lebo nyingine. Omba 1,600 au zaidi. Ukijibiwa "1,500, kama kawaida", basi hakuna VPN itakayofanya kazi vizuri hapo.

Kwa upande wako: leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano inayoruhusu huduma hii, na namba ya AS. Kama tayari una namba kutoka AFRINIC, itumie. Kama huna, mbebaji anaweza kukupangia ya binafsi kati ya 64512 na 65534. Kuhusu vifaa, si kila ruta iliyoandikwa MPLS kwenye boksi inaweza kubeba lebo ndani ya BGP. Hakikisha kwenye nyaraka za toleo lile lile la programu utakaloendesha, kabla hujalipa dukani.

Usanidi, hatua kwa hatua

Fuata mpangilio huu na upime kila hatua kabla ya kwenda inayofuata. Anayesanidi yote kwa mkupuo kisha akapima mwishoni hujikuta na hitilafu tatu zinazofichana.

1. Ipe kila ruta anwani ya utambulisho, ile isiyokaa kwenye poti yoyote, ambayo mafundi huiita lupubeki. Malindi 10.255.0.1, Kilifi 10.255.0.2, Mombasa 10.255.0.3. Zote ziwe /32. Narudia: /32.

2. Ongeza ukubwa wa pakiti kwenye poti inayomwelekea mbebaji. Pima mara moja kwa pakiti kubwa isiyoruhusiwa kukatwa, hadi anwani ya mbebaji iliyo upande wa pili.

3. Anzisha BGP na mbebaji na uwashe ubadilishanaji wa lebo. Kwenye Cisco ni amri ya send-label kwa jirani huyo. Kwenye Juniper ni familia ya labeled-unicast. Lazima iwe pande zote mbili. Kati ya BGP na LDP, mimi huchagua BGP kila mara: itifaki ni moja badala ya mbili, na ni rahisi kuweka kichujio cha nini kitoke na nini kiingie.

4. Weka kichujio. Unatoa /32 yako tu. Unapokea /32 za ruta zako nyingine tu. Chochote kingine kikataliwe.

5. Pima lebo, si njia tu. Tazama jedwali la lebo; Cisco ni show mpls forwarding-table. Mbele ya 10.255.0.3 lazima uone namba ya lebo ya kutokea. Ukiona maneno ya kuonyesha hakuna lebo, simama hapo hapo.

6. Anzisha BGP ya VPN kati ya ruta zako zenyewe, lupubeki kwa lupubeki, ikipita juu ya mbebaji. Kwa vituo vitatu ni mahusiano matatu. Vikifika sita au saba, teua ruta moja ya kuakisi njia kwa wengine.

7. Tengeneza VRF ya mteja. Inahitaji vitu viwili ambavyo wageni huvichanganya. RD ni baiti 8 zinazotangulizwa mbele ya anwani ya mteja ili 192.168.10.0 ya hoteli isigongane na 192.168.10.0 ya duka la dawa. RT ndiyo inayoamua njia iingie kwenye jedwali la nani. RD hutofautisha, RT huruhusu.

8. Pima ndani ya VRF kutoka Malindi hadi Mombasa, kisha kutoka kompyuta ya mteja. Kwenye Windows: ping -f -l 1472, kwenye Linux: ping -M do -s 1472. Hizo 1,472 zikijumlishwa na vichwa vya IP na ICMP ni 1,500 kamili. Zikipita, umefaulu. Usikubali ping ndogo kama ushahidi.

> TAHADHARI: VPN hii haifichi kitu
> Lebo hutenganisha wateja, hazisimbi data. Yeyote mwenye mkono kwenye faiba au ruta ya njiani anaweza kusoma yaliyomo. Kwa hoteli inayotuma hesabu za chakula, sawa. Kwa kliniki inayotuma majalada ya wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusika: mwelekeze mteja aweke IPsec kati ya ruta zake mwenyewe, na umkumbushe kwamba nayo hula baiti zake. Usiandike neno "salama" kwenye tangazo lako bila kueleza salama dhidi ya nini.

Makosa yanayorudi kila mara

Kosa baya kuliko yote ni kuamini ping ya IP. Ruta ya Malindi inafika 10.255.0.3 vizuri kabisa, BGP ya VPN imesimama, njia za mteja zinaonekana kwenye jedwali, na bado hoteli haifiki Nyali. Sababu: ping yako ilipita kama IP tupu, na IP tupu haihitaji lebo. Pakiti ya mteja inahitaji njia yenye lebo bila kukatika mwanzo hadi mwisho. Ikikatika sehemu moja, ruta ya hapo inabaki na lebo 24 ambayo haikuitoa yenyewe na haijui ni ya nani, basi inaitupa, na mara nyingi hakuna ujumbe wa kosa utakaouona.

Inakatika vipi? Mara nyingi kwa sababu ya /32. Fundi anaandika lupubeki kama /24 kwa mazoea. OSPF kwa kawaida huitangaza kama /32, lakini LDP inatoa lebo kwa /24 iliyoandikwa kwenye lupubeki. Njia na lebo hazilingani, na ruta za jirani zinaachana na lebo. Au mtu wa upande wa mbebaji, kwa nia njema ya kupunguza jedwali, anaunganisha 10.255.0.1 hadi 10.255.0.3 kuwa njia moja pana. IP inaendelea kutembea. Lebo zinaishia pale alipounganisha. Ndiyo maana hatua ya 5 haina njia ya mkato. Njia chaguo-msingi ya kumwelekea mbebaji iliyosahauliwa tangu enzi za intaneti ya kawaida huficha kosa hilo hilo.

La pili linawakuta wote wenye AS moja kwenye miji mitatu. Malindi inatangaza njia kwa mbebaji, mbebaji anaifikisha Mombasa, Mombasa inaona namba yake yenyewe ya AS kwenye orodha ya waliopitiwa, inadhani njia imejizungusha na kuikataa. BGP imesimama kabisa, jedwali ni tupu. Mwombe mbebaji awashe as-override ili aweke namba yake mahali pa yako, au wewe uruhusu kwa allowas-in. Napendelea ya kwanza.

La RT ni la haraka kulieleza na ghali kulifanya: unanakili usanidi wa mteja wa zamani ili kumwanzishia mpya, unabadilisha jina na RD, unasahau RT. Wateja wawili sasa wanaonana. Weka daftari moja la RT na usitumie namba mara mbili hata baada ya mteja kuondoka.

Utakapopima kwa traceroute usishangae ruta za mbebaji zikikosekana kwenye orodha. Wengi huzima kunakili TTL ndani ya lebo ili wasionyeshe mtandao wao. Hiyo si hitilafu. Ila hitilafu ipo kama mbebaji anapokea kutoka kwako lebo yoyote ile, hata ambayo hakukupa. Maana yake jirani yako kwenye mtandao huo anaweza kubuni lebo na kupenya kwako. Muulize wazi kama ruta zake hukataa lebo ambazo hazikutolewa kwa poti husika.

Usiku mambo yakiharibika

Anza chini, panda juu.

1. Stima na poti. Taa ya faiba inawaka? Wakati wa upanuzi wa barabara, tingatinga ndilo mshukiwa wa kwanza.
2. BGP na mbebaji imesimama? Tangu lini? Ikiwa ilianguka na kurudi dakika chache zilizopita, ameigusa yeye.
3. /32 za ruta zako zote zipo, na kila moja ina lebo ya kutokea?
4. Ping ndani ya VRF, ruta kwa ruta. Ikikataa huku ya lupubeki ikipita, lebo zimekatika au RT imeharibika. Kama njia ya mteja ipo kwenye VRF, RT ni nzima, tafuta lebo.
5. Ping kubwa ya 1,472. Ndogo ikipita na kubwa ikigoma, ni ukubwa wa pakiti. Mteja atakueleza hivi: "Ujumbe unaenda, lakini mfumo unafunguka nusu." Pengine mbebaji amehamishia pakiti njia ya akiba ambayo poti moja ilisahauliwa kwenye 1,500.

Ukimpigia mbebaji, usiseme "VPN ya mteja wangu haifanyi kazi." Haijui VPN hiyo, na kwa haki kabisa, ulimficha. Mpe anachoweza kukitafuta kwenye ruta zake: namba ya huduma ya poti zote mbili, saa tatizo lilipoanza, /32 ya kutokea na ya kufikia, lebo aliyokupa kwa /32 hiyo, ukubwa wa mwisho wa pakiti uliopita na wa kwanza uliokataa. Andika hayo kwa barua pepe ukiwa bado kwenye simu, na uombe namba ya kesi kabla hujakata.